Seti ya kukarabati hita ya dizeli: nilivyoitumia nyumbani, na ninachoshauri kabla hujainunua

Anayeishi Umeå, kaskazini mwa Sweden, akiwa na gari la dizeli, anajua jinsi injini hiyo inavyochelewa kupata joto. Sababu yake ni sifa njema ya injini yenyewe: hugeuza sehemu kubwa zaidi ya mafuta kuwa nguvu kuliko injini ya petroli, hivyo joto linalobaki kwa ajili ya maji ya rejeta huwa kidogo, hasa gari linapokwenda polepole au linaponguruma likiwa limesimama. Asubuhi yenye nyuzi 20 chini ya sifuri unaweza kwenda kilomita kumi na upepo unaotoka kwenye dashibodi ukawa bado vuguvugu. Ndiyo maana magari mengi ya dizeli yanayouzwa katika nchi za baridi hufungwa hita ndogo inayochoma dizeli kutoka tanki lile lile la gari na kuyapasha maji ya rejeta moto. Hita hiyo ilikufa kwenye gari langu mwezi wa Novemba, na seti ya vipuri niliyoinunua ili kuikarabati ndiyo ninayoitathmini hapa.

Dalili zilianza wiki mbili kabla. Kila nilipowasha gari, moshi mweupe mzito ulitoka kwenye bomba dogo la hita lililo nyuma ya bampa ya mbele, na harufu ya dizeli mbichi ikaenea hadi kwenye mlango wa jirani. Moshi mweupe wa namna hiyo ni mvuke wa mafuta ambayo hayakuungua. Ungekuwa mweusi, ningejua kwamba moto upo lakini hewa haitoshi. Baadaye hata moshi huo ukakoma, kwa sababu kompyuta ya hita huhesabu majaribio ya kuwasha yaliyoshindikana, na yakizidi kiwango hujifunga na kukataa kujaribu tena. Gereji niliyokwenda kwanza ilinishauri kununua hita nzima mpya, na bei yake pamoja na ufundi ilikuwa krona 14,000. Seti niliyoagiza mtandaoni iligharimu krona 1,390.

Ndani ya boksi mlikuwa na chemba mpya ya kuchomea, plagi ya kuwashia, gasketi mbili, oringi nne (pete za mpira za kuzuia uvujaji), skrubu mpya za kufungia chemba na karatasi moja ya maelekezo. Hamkuwa na feni, wala pampu ya mafuta, wala bakuli la aluminiamu ambalo maji ya rejeta huzunguka ndani ya kuta zake. Hilo ni jambo la kulizingatia kabla ya kulipa, kwa maana bakuli likiwa limeliwa na kutu au limepasuka, seti nzima itakuwa fedha iliyopotea. Kwangu liliponea.

Kuitoa hita kulinichukua karibu saa tatu, na muda mwingi wa hizo niliutumia kwenye plastiki za madigadi. Niliinua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi, nikatoa tairi la mbele la kulia na plastiki iliyo nyuma yake. Nilitoa waya wa betri, nikabana mipira miwili ya maji ili rejeta isimwagike yote, kisha nikafungua bomba la moshi, ambalo bolti yake ilikuwa imeshikwa na kutu na haikukubali hadi nilipoilowesha kwa mafuta ya kulegezea usiku kucha.

Kazi yenyewe ya kukarabati ilianza mezani. Anayelifahamu jiko la mafuta ya taa hatahitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndani ya chemba ya hita kuna utambi: si wa pamba, bali ni kitambaa kizito cha nyuzi za chuma kilichogandamizwa ukutani. Pampu ndogo husukuma mafuta kwa matone yaliyopimwa, utambi unayanywa, plagi inayawasha, na feni inaleta hewa. Utambi wangu ulikuwa umevikwa ukoko mweusi mgumu kama wa sufuria ya wali uliosahaulika motoni. Nilipoumulika kwa tochi sikuona unyuzi hata mmoja. Upande wa chini, mahali mafuta yanapoingilia, masizi yalikuwa yamejenga kilima kilichokaribia kuziba tundu. Kwenye bakuli la aluminiamu masizi yalikuwa makavu na mepesi. Niliyakwangua kwa kijiti cha mti na brashi ya nailoni, kwa sababu brashi ya chuma huchubua aluminiamu, nikayafyonza kwa mashine ya vumbi nikiwa nimevaa barakoa. Yalijaza kikombe kizima.

Chanzo cha masizi hayo, kwa maoni yangu, ni safari fupi. Kutoka nyumbani hadi kazini kwangu ni dakika tisa. Hita inapoamriwa kuzima haikati ghafla: pampu husimama, mafuta yaliyobaki kwenye utambi yanamalizika kuungua, na feni inaendelea kupuliza kwa dakika chache. Ikiwa kila siku inawashwa na kuzimwa kabla haijawaka kwa nguvu zake zote, masizi yanaongezeka taratibu hadi moto unashindwa kushika.

Chemba ya seti hii imetengenezwa vizuri. Niliilinganisha na ya zamani kwa kuziweka bega kwa bega: unene wa bati ni ule ule, matundu ya hewa yanalingana kwa idadi na nafasi, na utambi umekazwa sawasawa bila kuacha mwanya pembeni. Plagi nayo iliingia bila kulazimishwa. Plagi za aina hii nyingi ni za kauri, nazo huvunjika kama chaki, kwa hiyo ichomoe ile ya zamani kwa kuivuta moja kwa moja bila kuipindisha, na wala usiijaribu mpya kwa kuiunganisha na betri, maana kompyuta ya hita huipa umeme uliopunguzwa na volti 12 kamili zinaweza kuiunguza papo hapo.

Ubaya wa kwanza ulikuwa kwenye oringi. Moja kati ya nne, ile ya kiungio cha maji, ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani. Ningeifunga ilivyo, maji yangevuja. Nilimwandikia muuzaji na picha ya oringi zote mbili zikiwa kwenye rula, akanitumia nyingine baada ya siku sita bila malipo. Namshukuru kwa hilo, lakini siku sita bila joto ndani ya gari mwezi wa Novemba si jambo dogo kwa mwenye mtoto wa kumpeleka chekechea.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni ile karatasi ya maelekezo. Inaonyesha vizuri jinsi ya kufungua na kufunga, kisha inakoma, kana kwamba kazi imekwisha. Haisemi kwamba hita iliyojifunga haitawaka hata ikipewa kila kitu kipya, mpaka kosa lililohifadhiwa lifutwe kwa mashine ya kupimia inayochomekwa chini ya usukani. Mimi nilisaidiwa na kaka mmoja wa Bukavu ambaye ni fundi wa malori hapa mjini. Bila yeye ningeamini kwamba vipuri ni vibovu na ningeirudisha seti nzima. Haisemi pia kwamba baada ya kurudisha mipira ya maji ni lazima kutoa hewa yote: unajaza maji ya rejeta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, unaweka kitufe cha joto la ndani mwisho kabisa, unawasha injini na kuiminyaminya mipira mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki, hita hupata joto kupita kiasi na kujifunga tena.

Kubwa kuliko yote, karatasi haina hata neno moja kuhusu sumu. Moshi wa hita hii una kaboni monoksaidi, gesi ile ile isiyo na harufu ambayo nyumbani kwetu imewaua watu waliolala chumba kimoja na jiko la mkaa. Hita isijaribiwe kamwe ndani ya gereji iliyofungwa, na kiungio cha bomba la moshi kikaguliwe mara mbili, kwa sababu moshi ukivuja chini ya boneti unaweza kuvutwa na feni ya gari hadi kwenye kiti cha mtoto. Muuzaji anayemuuzia mtu wa kawaida kifaa cha moto ana wajibu wa kuyaandika haya kwa herufi kubwa.

Nilijaribu nje, usiku, kipimajoto kikionyesha nyuzi 11 chini ya sifuri. Hita nyingi za aina hii huwaka tu injini ikiwa inafanya kazi na hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzi tano hivi. Feni ilianza kwa mlio mwembamba, kikafuata kimya cha kama nusu dakika plagi ikipata moto, halafu nikaisikia pampu: tik, tik, tik. Ulitoka moshi mweupe kidogo, ambao ni wa kawaida pale mara ya kwanza, kisha ukapotea na mngurumo wa moto ukasikika ndani ya bomba.

Tangu siku hiyo imepita miezi miwili na nusu. Upepo wa dashibodi unakuwa moto kabla sijafika nusu ya njia ya kazini, na vioo havigandi tena kwa ndani. Mafuta yanayoongezeka hayanisumbui. Hita ya kilowati 5 ikiwaka kwa nguvu zote hutumia zaidi kidogo ya nusu lita kwa saa, na yangu haifiki saa nzima kwa siku.

Ninaipa seti hii nyota nne kati ya tano kwa vipuri na mbili kwa maelekezo. Inunue ikiwa bakuli lako la aluminiamu ni zima, feni inazunguka, pampu inatoa mafuta, na unaye mtu mwenye mashine ya kufuta makosa. Kabla ya kuagiza, soma namba ya modeli kwenye lebo ya hita yenyewe, usitegemee jina na mwaka wa gari, kwa sababu gari la aina moja linaweza kuwa limefungwa hita tofauti. Nami nimeanza desturi ya kuchukua njia ndefu kila Jumamosi, dakika arobaini hivi hita ikiwaka mfululizo, ili utambi mpya usije ukavikwa ukoko kama ule wa zamani.