Madurai: hekalu zuri, ila paa la mtu usipande

Mtu akikwambia "njoo juu uone minara, bure", mpe mgongo. Bure hiyo imenitoa rupia 3,500 na ngozi ya nyayo.

Na kinachoniuma si pesa. Mimi mzaliwa wa Mji Mkongwe. Papasi, wale vijana wanaonasa watalii mitaani, nimewajua tangu navaa kaptula, nikiwasikia "ndugu, watoka wapi?" tu najua wimbo mzima. Halafu niende mpaka kusini mwa India ninaswe kama mtalii aliyeshuka boti asubuhi ile!

Nilimpeleka mama Chennai kwa matibabu, mwaka juzi hivi. Daktari alipomruhusu tulibakiwa na siku chache, tukapanda treni ya usiku hadi Madurai kuliona hekalu la Meenakshi, mungu wa kike wa Wahindu. Jina lenyewe maana yake mwenye macho kama samaki. Mama akauliza samaki gani, changu au nguru?

Nje pale hakuna la kusema. Minara 14, wa kusini unapita mita 50, na kuanzia chini hadi kileleni masanamu yamebanana, miungu, mazimwi, wanyama, yote yamepakwa rangi za kung'ara. Mama alitazama juu mpaka mtandio ukamwanguka.

Simu ndani marufuku tangu 2018, baada ya moto kuunguza sehemu ya hekalu. Tukakabidhi simu na viatu, tukapewa namba. Hapo ndipo akatokea bwana mmoja, shati jeupe, mpole kupita kiasi. Foleni leo ndefu, anasema, pandeni kwanza juu ya duka langu mpige picha. Picha kwa simu gani? Sikujiuliza.

Jua la karibu saa sita, sakafu ya saruji, mimi peku. Nikawa naruka kama bisi kwenye sufuria. Minara niliiona, naam, sekunde kumi. Tukateremshwa ghorofa ya chini yenye baridi safi, mlango ukarudishwa, chai ya maziwa ikaja, na mitandio ikaanza kufunuliwa. Ya Kashmir! Kashmir iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka pale. Kila nikiinuka, kijana anatandika mwingine juu ya magoti ya mama. Bei ilianzia 9,000. Mimi nachemka, mama ananywa chai, anapapasa kitambaa, anapatana bei kama yuko Darajani, mpaka mmoja tukautwaa kwa 3,500.

Tulipotoka, hekalu limefungwa. Hufungwa saa sita na nusu mchana mpaka saa kumi, na yule bwana alikuwa akijua fika. Kutoka dukani hadi vilipo viatu, mawe ya barabara yalikuwa chuma cha moto.

"Mwanangu," mama akasema, "si wewe uliyekuwa ukiwacheka Wazungu pale Forodhani?"

Jioni nilirudi kwa shingo upande, nikatafuta makosa. Ukumbi wa nguzo elfu una nguzo 985. Nikaona hata huku wanakuzidishia hesabu! Bango la kutuzuia sisi tusio Wahindu tusiingie kwenye chumba cha miungu halikunikera lakini, kila nyumba ya ibada ina adabu zake. Tukakaa kwenye ngazi za bwawa la yungiyungi la dhahabu. Watoto wanakimbizana, bibi mmoja anauza asumini zilizotungwa, harufu ileile ya vikuba vya kwetu. Hasira ikaanza kunivuja, nami sikutaka.

Kama saa tatu usiku ngoma ikalia na zumari kali juu yake, moshi ukatanda, wanaume wakapita mbio mbio na machela ya fedha. Ni mungu Shiva huyo, wanampeleka kulala chumbani kwa mkewe, Meenakshi. Kila usiku.

"Kila usiku?" mama akanong'ona. "Baba yako alikuwa akirudi akipenda."

Kwa hiyo sijui niseme nini. Asubuhi ningewaambia msiende. Usiku ule ningewalipia tiketi. Nendeni, ila mfike mapema, na mwenye shati jeupe akiwaita ndugu, msigeuke. Mtandio wenyewe, nakiri, ni mzuri. Mama anauvaa kila harusi, na kila akipita nao mbele yangu nyayo zinaniwaka.