12, 24, 36 ama 48? Pawa saplai ya mota za stepa

Watu wakianza kuunda CNC, ile mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, wanasumbuana na mota za stepa (zinazozunguka stepu kwa stepu) na draiva (kifaa kinachoipa mota umeme) wiki nzima, alafu pawa saplai wanachukua yoyote watakayoona Luthuli, Nairobi, bora iwake. Hata mimi. Nilibeba ya 12V juu ilikuwa bei ya chini, mota zangu ni saizi ya NEMA 23, rauta yangu ya CNC ikawa inakata mbao poa tu mradi usiikimbize, ukiituma mbio upande ule mwingine inalia kama nzi amefungiwa kwa chupa alafu inakwama. Nikasema nimeuziwa mota feki. Kumbe mota zilikuwa sawa kabisa.

Iko hivi, nguvu ya mota ikisimama inatoka kwa ampia, na hizo unaset kwa draiva. Volti ni za mbio. Koili haipendi umeme ubadilike ghafla, kwa hivyo ukitaka spidi lazima volti ziusukume haraka, la sivyo stepu inayofuata inafika kabla koili haijajaa na torki, ile nguvu ya kuzungusha, inaisha. Na usiogope ukiona mota imeandikwa 2.5V hivi, hiyo si volti ya pawa saplai, draiva za siku hizi zinakata zenyewe ampia zikifika zile umeset.

Namba moja kwangu ni 36V. Kwa NEMA 23 na draiva ya DM542 hapo umefika, spidi unapata na nafasi inabaki juu, maana DM542 mwisho wake ni 50V.

Ya pili 48V. Kwa mbio inaishinda 36, sikatai, lakini kwa DM542 unabaki na volti 2 tu, na mota ikifunga breki ghafla inageuka jenereta inarudisha umeme kwa pawa saplai, volti zinapanda, draiva kwaheri. Nunua hii kama draiva yako inabeba 60 na zaidi. Draiva za TB6600 usijaribu, hizo huandikwa 40 ama 42.

24V ni ya tatu kwa rauta, lakini kama ni printa ya 3D na mota ndogo za NEMA 17 hiyo ndiyo namba moja na usitafute ingine, draiva ya TMC2209 mwisho ni 29V. Draiva ya A4988 ni 35, sasa mtu akikuambia weka 36 “ni volti moja tu” muulize kama atakununulia ingine.

12V achia taa za LED.

Kuna hesabu ya mafundi wa CNC ya kujua volti za juu kabisa mota inafaa kupewa: chukua induktansi ya mota (vile koili inapinga umeme kubadilika) kwa milihenri, mH, tafuta kipeuo cha pili, zidisha na 32. Mota ya 4mH inakupa 64V. Ukivuka hapo unapasha mota joto bure. Alafu linganisha na mwisho wa draiva, ile ndogo ndiyo inakuamulia, na uache nafasi kidogo.

Ampia watu hununua nyingi kupita kiasi. Jumlisha za mota zote, chukua theluthi mbili. Mota tatu za 3A ni 9, theluthi mbili ni 6, mara 36V ni wati 216, kwa hivyo ya 350W inatosha na haitachemka.

Ukiwa dukani omba wakuwashie uweke multimita hapohapo, sanduku likiwa jepesi kama halina kitu ndani rudisha. Na tafadhali, kabla hujachomeka kwa stima angalia ile swichi ndogo ubavuni ya 115/230, zingine huja zimewekwa 115 na stima yetu ni 240, utasikia mlio mmoja tu na pesa imeenda. Isukume na bisibisi ikae 230, funga waya ya ethi, ndio uwashe.