Kontrola ya kwanza kwa DJ anayeanza: achana na taa, angalia hivi vitu

Oyaa wadau karibuni tena, leo tunaongea mashine za u-DJ, na swali lenyewe ndo lile linalojaa kwenye komenti kila nikipandisha video, "mkuu mi ndo naanza, nichukue mashine gani?" Jibu nawapa sasa hivi ili mwenye haraka zake aende: chukua kontrola (mashine ya vitufe inayoendesha programu ya DJ kwenye laptopu) ya chaneli mbili, yaani ya kuchanganya nyimbo mbili kwa wakati mmoja, yenye kadi ya sauti ndani na tundu la hedifoni, hela inayobaki nunua hedifoni ya maana. Sa wale mnaotaka kujua kwa nini, kaeni hapo.

Hii iliyopo mezani ni Pioneer DDJ-FLX4, ilitoka 2022 ikachukua nafasi ya DDJ-400 iliyokuwepo tangu 2018, na ukiziweka pamoja kwa macho utasema ni kitu kilekile. Huku kushoto deki ya kwanza, yaani sehemu ya kuchezea wimbo mmoja, ina jogi, hili gurudumu la kuzungusha kwa mkono, kulia deki ya pili, katikati miksa ya kuchanganya sauti, chini krosifeda, hiki kitelezi cha kuhama toka deki moja kwenda nyingine, pedi nane za kubonyeza kila upande. Mpangilio huu muuangalie vizuri, maana ndo ule ule utaukuta kwenye mashine kubwa za klabu kina CDJ, zile pleya za Pioneer, vitufe viko sehemu zilezile, kwahiyo siku ukiitwa kupiga mahali huanzi upya kutafuta kitufe cha kupleya kiko wapi na cha kyuu, cha kurudi pale ulipoweka alama kwenye wimbo, kiko wapi.

Turudi kwenye kadi ya sauti, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Kazi ya DJ ni wimbo mmoja unasikika ukumbini huku wewe masikioni unasikiliza unaofuata, unautafutia mahali pa kuingilia, unaweka kasi zilingane. Hizo ni sauti mbili tofauti zinatoka kwa wakati mmoja, na laptopu yako peke yake ina njia moja tu ya kutolea sauti. Kadi ya sauti ndo inaleta hiyo njia ya pili. Sasa kuna kontrola ndogo zinauzwa hazina hicho kitu, DDJ-200 kwa mfano, nzuri, nyepesi, inaingia kwenye begi, ila haina kadi ya sauti, inabidi utumie waya wa kugawa, upande mmoja uende spika upande mwingine uende hedifoni, na ukishagawa hivo stereo imeondoka, kushoto na kulia hazitofautiani tena. Kwa kuchezea chumbani sawa, ila kwa kujifunza kazi mimi siipendekezi. Kwahiyo ukiangalia mashine yoyote geuza nyuma kwanza, tafuta tundu la kwenda spika, hapa kwenye FLX4 ni hizi RCA mbili nyekundu na nyeupe, alafu tafuta tundu la hedifoni. Kimoja kikikosekana rudisha.

Na tafadhali jamani hedifoni iwe ya waya. Za Bluetooth sauti inachelewa kidogo, kwenye kusikiliza muziki huoni tofauti, ila kwenye kulinganisha biti huo ucheleweshaji unakuua kabisa, unadhani umeingia kwenye biti kumbe uko nyuma. Spika nayo hivohivo. Chukua hedifoni ya kufunika sikio, iliyozibwa nyuma. Sennheiser HD 25 ipo tangu 1988 na madijei bado wanaivaa, sisemi lazima iwe hiyo, nasema tu hiki ni kitu utakaa nacho muda kuliko hata kontrola yenyewe.

Programu sasa. Kontrola haina nyimbo ndani, kila kitu kinafanywa na programu kwenye laptopu, kwahiyo usipojua inafungua programu gani umenunua nusu ya bidhaa. FLX4 inafungua rekordbox na Serato DJ Lite, ukitaka Serato DJ Pro unalipia. Numark Mixtrack Pro FX inakuja na Serato DJ Lite, na hiyo nayo naikubali sana, ina jogi kubwa za inchi 6 na feda ya kasi, kitelezi cha kubadilisha mwendo wa wimbo, ya milimita 100, na feda ndefu ina raha yake kwa sababu ukiisogeza kidogo kasi inabadilika kidogo kweli, kwenye feda fupi ukigusa tu umeshapitiliza. Mtu ambaye lengo lake ni kuskrachi, kule kukwaruza wimbo mbele na nyuma kwa mkono, hiyo ndo ningempa. Kama huna hela ya programu kabisa kuna Mixxx, ya bure kabisa, inakubali kontrola nyingi, sura yake ya kizamani kidogo ila kazi inapiga.

Haya, kitufe cha sinki, kile kinacholinganisha kasi za nyimbo mbili chenyewe. Kuna wazee watakwambia ukikigusa wewe si DJ, mi hayo mabishano siingii. Ila jueni kinavofanya kazi: programu inachambua wimbo, inachora mistari ya biti juu yake, alafu sinki inapanga mistari na mistari. Wimbo uliotengenezwa kwa kompyuta mistari inakaa sawasawa mwanzo mpaka mwisho, hapo sinki safi. Ila weka wimbo wa zamani wa bendi, mpiga ngoma ni mtu, akipandwa na mzuka anaongeza mwendo bila kujua, mistari inakosea na sinki inakupeleka shimoni huku skrini inakuonyesha kila kitu kiko poa. Hapo sikio ndo linaokoa, na sikio linazoezwa kwa kuzima sinki. Ndo maana Hercules Inpulse 300 mi naisifia, ina vitaa vinavokuonyesha uongeze kasi au upunguze, usukume jogi mbele au uirudishe, mkono unafanya mwenyewe.

Chaneli nne, wachana nazo kwanza. Taa za disko zilizojengewa kwenye mashine, hahaha, nzuri kwenye bethidei.

Mtu kaniuliza pia kuhusu kuanza na santuri, zile Technics SL-1200 zilizoanza 1972. Tamu sana hizo, ila unahitaji mbili, na miksa, na sindano, na santuri zenyewe, gharama inakimbia kabla hujacheza hata wimbo mmoja.

Ukinunua iliyotumika, ijaribu ikiwa imechomekwa kwenye laptopu huku muziki unalia. Sogeza kila feda polepole mwanzo mpaka mwisho, ukisikia inakwaruza au sauti inaruka hiyo imechoka. Zungusha jogi zote mbili, bonyeza kila pedi, chomeka hedifoni uitikise waya pale kwenye tundu. Alafu ingia tovuti ya mtengenezaji uone kama bado wanatoa draiva ya toleo la Windows au Mac uliyonayo, maana mashine inaweza kuwa nzima kabisa na laptopu yako mpya isiitambue. Kama sauti inakatika katika usikimbilie kulaumu mashine, ongeza kwanza bafa, ule muda laptopu inaopewa kuandaa sauti, kwenye mipangilio ya sauti, na uchomeke moja kwa moja kwenye laptopu badala ya kupitia kigawanyo cha USB.

Wenye mashine tofauti na hizi andikeni jina lake na programu mnayotumia hapo chini, nitazipitia.