Droni ya mbio iliyo tayari kuruka: ipi ununue, na uijaribu vipi kabla hujaiamini

Kwenye droni za mbio za kuvaa miwani, yaani zile unazorusha ukiona picha ya kamera yake ndani ya miwani, kinachovunjika ni droni. Rimoti na miwani hudumu miaka. Anayenunua mara ya kwanza aanze kuchagua rimoti, kisha aitafutie droni inayopatana nayo. Orodha hii imepangwa kwa swali moja: ikigonga ukuta Jumamosi, Jumapili itaruka tena, na kwa vipuri gani?

Kwenye matangazo utakutana na herufi tatu tatu. RTF ina kila kitu ndani ya boksi. BNF ni droni yenye risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) tu, rimoti na miwani ni juu yako. PNP haina hata risiva, hivyo anayeanza aiache.

1. Droni ndogo ya BNF na rimoti yako mwenyewe ya ELRS

Kwa sebuleni, chukua ya milimita 65 (kipimo cha mshazari, mota hadi mota): Happymodel Mobula6 au BetaFPV Meteor65. Ukiwa na ukumbi au uwanja usio na upepo mkali, ya milimita 75 kama Meteor75 inatulia zaidi. Propela zake zimezungushiwa pete za plastiki, na uzito ni mdogo mno, kwa hiyo ajali nyingi humalizika kwa kuiokota na kuendelea.

Rimoti ya kuanzia nayo ni RadioMaster Pocket, toleo la ELRS (ExpressLRS, mfumo wa redio unaounganisha rimoti na droni). Inatumia betri mbili za 18650 ambazo kwa kawaida hazimo kwenye boksi. Ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB unafanyia mazoezi kwenye VelociDrone au Liftoff, michezo ya kompyuta inayoiga urushaji, na siku ukihamia droni kubwa unakwenda nayo.

Mtego uko kwenye matoleo ya ELRS. Toleo la 2 na la 3 hayaungani hata ukibonyeza kitufe cha kuunganisha usiku kucha. Kwenye droni ndogo nyingi risiva imejengwa ndani ya bodi kuu, na mara nyingi toleo lake hufuata Betaflight, programu inayoendesha bodi hiyo: Betaflight 4.3 inabeba ELRS 2, na 4.4 inabeba ELRS 3. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

Betri ni za seli moja, mAh 300 kwa milimita 65 na 450 kwa milimita 75. Nunua zisizopungua sita, maana kila moja inakupa dakika tatu au nne. Chagua plagi ya BT2.0. Ile ya zamani ya PH2.0 ina ukinzani mkubwa, na ukifungua gesi yote volti zinaporomoka.

2. Seti kamili ya RTF

Inamfaa anayemnunulia mtoto, au asiyetaka kuunganisha kitu. BetaFPV Cetus X ndiyo yenye mantiki kwa mbio, kwa sababu inaendeshwa na Betaflight na ina toleo la ELRS. Cetus ya kawaida ina mota za brashi, na brashi huisha. Cetus Pro ina mota zisizo na brashi, ila bodi yake inakushikia kimo, na mkono uliozoea kushikiwa kimo unapata shida baadaye. EMAX Tinyhawk III ni imara, lakini hakikisha unachukua toleo la ELRS, yaani Tinyhawk III Plus, kwa kuwa lile la mwanzo linatumia mfumo wa redio wa zamani wa FrSky D8 na rimoti yake haitakufikisha mbali.

3. Droni ya inchi 5

Hii ndiyo droni ya mbio yenyewe: betri ya seli 6, kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, na propela za inchi 5 zinazokata kidole. Angalia fremu kabla ya jina. iFlight Nazgul na GEPRC Mark5 ni nzuri, lakini zimeundwa kwa michezo ya angani na ni nzito. iFlight Mach R5 ndiyo iliyoundwa kwa mbio. Kwa video, chukua analogi au HDZero (mfumo wa video wa kidijitali), kwa kuwa kinachotafutwa ni picha isiyochelewa. Uzuri wa picha ni wa mtazamaji.

Hesabu na vinavyoandamana nayo: betri nne za mAh 1100 hadi 1300, chaja inayosawazisha seli, seti kumi za propela, na mtu anayejua kulehemu. Fundi simu mzuri anaweza kukuwekea mota mpya, mradi ana pasi ya kulehemu yenye moto wa kutosha kwa nyaya nene za betri.

4. DJI Avata na wenzake

Kwa kupiga video ni sawa. Kwa mbio ni nzito, na mkono wa droni ukivunjika hubadilishi kipande kimoja mezani kwako.

Kabla ya kuruka

Toa propela zote. Kwenye droni ndogo usizivute kwa vidole, maana mota inaweza kutoka nayo. Ingiza kibanio chini ya propela na uinue pande zote mbili sawasawa. Kaza skrubu zote. Hakikisha antena ya video imefungwa, kwani transmita ya video ikiwashwa bila antena inaweza kuungua. Kwenye droni ya inchi 5, chomeka betri mara ya kwanza kupitia kizuia moshi, kifaa kinachokaa kati ya betri na droni. Kikikata umeme, kuna shoti, na droni imeokoka.

Chomeka droni kwenye kompyuta na ufungue Betaflight. Pinda droni kwa mkono na uone picha ya kwenye skrini inafuata. Sogeza vijiti vya rimoti: katikati isome 1500, miisho karibu na 1000 na 2000. Kisha washa mota bila propela na uzime rimoti. Mota zisiposimama zenyewe, hiyo droni haijawa ya kurushwa. Usikae muda mrefu mezani na betri ikiwa imechomekwa: transmita inapozwa na upepo wa kuruka, na hapo haupo.

Rudisha propela ukifuata mchoro, maana viwanda vingi hugeuza mzunguko wa kawaida wa Betaflight. Droni inayojipindua pale pale inapoinuka, mara nyingi imewekewa propela kinyume au mzunguko wa mota haulingani na mpangilio.

Ruka kwa sekunde 20 usawa wa kiuno, tua, gusa mota. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuchoma vidole, kuna propela iliyopinda, skrubu inayogusa nyaya za ndani ya mota, au mpangilio mbovu. Kwenye droni ndogo chunguza pia shingo ya mota: nywele na nyuzi za zulia hujizungusha pale hadi mota inasuasua. Mistari inayotokea kwenye picha kila ukifungua gesi humaanisha kelele za umeme. Angalia kama kapasita kwenye nyaya za betri imeng'oka. Picha ikiwa dhaifu hata karibu, linganisha antena: LHCP (mawimbi yanayozunguka kushoto) ya droni na RHCP (kulia) ya miwani hazielewani.

Tua volti zikifika 3.5 kwa seli, na uhifadhi betri kwenye 3.8.

Vibali ni kabla ya mzigo kuingia. Kenya ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya kanuni za mwaka 2020. Tanzania ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, pamoja na kibali cha upande wa ulinzi.

Rekodi majaribio yote kwa simu, kuanzia kufungua boksi. Wauzaji wengi hudai video ndipo warudishe pesa, na ukishalehemu chochote dhamana huwa imekwisha.