Plagi za maji za shaba kwenye Land Rover 109, nimezitumia miezi 8

Plagi za maji ni vile vikombe vidogo vya chuma vinavyoziba matundu ya bloku, yaani mwili wa injini, maji ya kupoza yasitoke. Nianze na hela maana ndo mnayoulizaga kwanza. Za shaba nimeuziwa elfu 6 moja, za bati la chuma zilikuwa elfu 2 na mia tano, na mimi nimefunga za shaba bloku nzima na roho yangu imetulia.

Gari ni Land Rover 109 Series III ya marehemu baba, injini ya petroli ile ya 2.25, imekaa Kigamboni miaka mingi na maji yaliyokuwa yanatiwa kwenye rejeta ni ya kisima, yale ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe hata kwenye sufuria. Ikaanza kuvuja, kila asubuhi chini kuna kidimbwi cha rangi ya kutu, gereji ya kwanza niliyopeleka wakapaka gundi ya chuma juu ya plagi wakaniambia tayari, ikashika wiki 2 ikaachia nikiwa kwenye foleni ya kivuko, mshale wa joto umepanda hadi mwisho na watoto wako ndani ya gari. Niliumia sana. Hapo nikaamua injini ishuke yote, ringi, beringi, gaskiti, kila kitu.

Fundi niliye naye sasa akaweka bisibisi pembeni ya plagi ya kwanza aigonge igeuke kisha aivute kwa plaizi, aisee bisibisi ikazama kama kwenye biskuti iliyolowa chai. Kwa nje ilikuwa bado na rangi yake, ukiitazama utasema nzima, kwa ndani imeliwa imebaki kama karatasi, na nyuma yake tope la kutu limeganda tukalichokoa kwa waya karibu mchana mzima mpaka maji ya mpira yakaanza kutoka meupe.

Kuna watu wanaziita hizi plagi za maji frizi plagi, wanasema ni za nchi za baridi tu, eti maji yakiganda zichomoke bloku isipasuke, sisi wa Dar hazituhusu. Hapana jamani. Yale matundu yapo kwa sababu bloku inamiminwa na mchanga ndani yake, mchanga lazima utolewe, ndo tundu linazibwa na kile kikombe cha bati. Na sisi tunaotia maji matupu bila kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, ndo vinatuozea haraka.

Sasa duka. Ni moja ya vile vya spea za Land Rover pale Gerezani, kaduka kadogo, mzee mwenyewe ndo anauza. Nilimpa idadi tu akakataa, akasema "Kaka, za zamani umekuja nazo? Hizi hazinunuliwi kwa macho." Nikarudi kesho yake nazo, akatoa venia, kile kipimo cha kubana cha mafundi, akapima moja moja. Land Rover hizi vipimo vyake ni vya inchi, ukichukua ya milimita inayokaribiana itaingia kwa nyundo halafu itavuja. Kati ya nilizopewa moja ilikuwa legelege, akaibadilisha bila maneno. Kwa hilo tu nampa nyota zote.

Kufunga si kazi kubwa ila usafi ndo kila kitu: tundu lisuguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, gundi ya gaskiti nyembamba pembeni, chukua soketi inayoingia ndani ya kikombe bila kubana, gonga taratibu ikiwa imenyooka mpaka ukingo uzame kidogo tu, usiendelee kupiga. Shaba ni laini kuliko bati, ukipiga kwa hasira inapinda. Na ile ya nyuma ya bloku, iliyojificha upande wa flaiwili, lile gurudumu zito kati ya injini na giaboksi, ibadilishe injini ikiwa chini hata kama unaiona nzima, maana ikija kuvuja baadaye giaboksi inashuka upya na hela ya fundi hapo ni nyingine kabisa.

Kasoro ninazo 2. Pakiti haina kipimo chochote kilichoandikwa, na saizi moja haikuwepo, nikangoja siku 4 injini iko juu ya meza.

Tangu nifunge natumia kulanti, nimeshaenda Morogoro na kurudi mara 3, chini pakavu. Duka wanafunga saa 11 jioni, Jumamosi saa 8 mchana, na ukienda beba zile za zamani.