Kompyuta ya mezani kwa bajeti ndogo: njia nne, kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia

Dogo mmoja wa mtaani kwetu alinijia na karatasi aliyoandikiwa dukani Kariakoo. Kasha la kioo, feni nne zinazowaka rangi zote, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) GB 16, na neno "gaming" limepigiwa mstari mara mbili. "Kaka, hapa nimepata au nimepigwa?" Nikashuka moja kwa moja hadi kwenye prosesa, ubongo wa mashine: Core i5-4570. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2013. Kipya pale zilikuwa taa.

Simlaumu. Karatasi za namna hiyo huandikwa ili jicho litue kwenye GB na rangi. Nami nimezipanga njia zinazopatikana sokoni kwetu kwa kigezo kimoja tu: ukipata laki mbili nyingine mwakani, utaiongezea mashine uliyonayo au itabidi uanze upya? Wengi wetu hatununui kompyuta kwa mkupuo. Tunainunua kama tunavyojenga nyumba, msingi mwaka huu, mabati mwakani, rangi Mungu akijalia. Msingi ukiwa mwembamba, ghorofa halipandi.

Bei za shilingi sizitaji. Kontena moja likifika zinashuka, dola ikipanda zinapaa, na tangu mwisho wa 2025 RAM imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinazipeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili bandia. Hilo la RAM likumbuke, maana ndilo lililoipandisha njia ya kwanza hadi ilipo.

Namba moja: mashine ya ofisi ya mtumba, kizazi cha 8, ya tawa

Hizi ni Dell OptiPlex 5060 na 7060, HP EliteDesk 800 G4 na ndugu zake. Zilikaa ofisini Ulaya au Marekani miaka kadhaa, ofisi ikabadilisha mashine, zikaja kwetu. Ndani utakuta prosesa ya Intel, Core i5-8500 yenye kori 6 (ubongo mmoja wenye vichwa sita), na mara nyingi RAM ya aina ya DDR4 imeshakuwemo. RAM hiyo peke yake, ukiitafuta mpya leo, itakula sehemu nzuri ya bajeti yako.

Kwa nini nang'ang'ania kizazi cha 8? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inazikubali rasmi prosesa kuanzia kizazi hicho, ukiacha chache sana za nyuma yake. OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 zinafanana kwa sura na hizi nilizozitaja, lakini zina kizazi cha 6 au cha 7. Muuzaji atakuonyesha Windows 11 inawaka vizuri tu. Ujue imepitishwa mlango wa nyuma. Kusoma namba ni rahisi: tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi. i5-8500 ni cha 8, i5-4570 ni cha 4. Zikiwa tarakimu tano, kama i3-12100, chukua mbili za mwanzo.

Sasa neno "tawa". Mashine hizi huja kwa maumbo matatu: kubwa la kusimama, ndilo tawa, jembamba la kulala, na dogo kama kitabu. Jembamba ni zuri mezani na bei yake huwa chini kidogo, ila linameza kadi ya grafiki (ile inayochora picha na gemu) fupi tu, na lile la kitabu halimezi kadi yoyote. Chukua la kusimama hata kama mke wako atalalamika kuhusu nafasi.

Ina aibu zake. Pawa saplai ya ndani ni ndogo, kwenye OptiPlex 7060 ya tawa ni kama wati 260, na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo huwezi kuchomoa tu na kuchomeka ya dukani. Kadi ya grafiki utakayoongeza iwe ile inayokula umeme wa sloti, nafasi inapochomekwa, peke yake, yaani isiyozidi wati 75. GTX 1650 zisizo na plagi ya ziada zinaingia hapo. GT 1030 nayo inaingia, lakini iko ya aina mbili kwa kumbukumbu yake, ya GDDR5 na ya DDR4, na ya DDR4 ni polepole mno ingawa jina ni lilelile. Soma boksi.

Nyingi hazina Wi-Fi, utahitaji kidude cha USB au uunganishe simu kwa waya. Nyingine hutoa picha kwa DisplayPort tu, na skrini yako ya zamani ina VGA. Adapta ni ya bei ndogo, lakini ukiikumbuka ukiwa umeshafika Mbagala, umeshaharibu siku.

Namba mbili: kujenga mpya juu ya Ryzen 5 5600G

Hii ni kwa anayetaka vitu vipya vyenye waranti na anayeweza kusubiri. 5600G ni prosesa ya AMD, ilitoka 2021, ina kori 6, na ndani yake kuna grafiki inayoweza kucheza gemu nyepesi na kuhariri video za simu bila kadi ya pembeni. Hapo ndipo inapoendana na maisha yetu: unaanza bila kadi, na kadi inakuja siku mambo yakikaa sawa.

Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya mashine. Ukiweka kijiti kimoja cha GB 16 umeinyima nusu ya barabara. Weka viwili vya GB 8 na tofauti kwenye gemu utaiona kwa macho, huhitaji kipimo. Fundi akikwambia "ni kulekule, bosi", mwambie akuwekee viwili hivyohivyo.

Mazabodi, ubao unaobeba vyote, ya A520 inatosha. B550 ukiiweza, inakupa sloti zaidi. Baadaye unaweza kupanda Ryzen 7 5700X yenye kori 8 bila kubadili mazabodi, ila hakikisha umeshaongeza kadi, maana yenyewe haina grafiki. Za B450 ni nafuu, ila zilitangulia prosesa hizi, hivyo BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, ikiwa ya zamani haitawaka kabisa. Usiinunue mpaka muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa yako.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya RAM tu. Bei ya DDR4 ikirudi chini, hizi mbili zitabadilishana viti.

Namba tatu: Core i3-12100

Kori 4, lakini kori moja moja ni kali kuliko za 5600G. Kwa Excel na hesabu za duka, hii ni tamu. Sababu ya kuishusha ni grafiki yake dhaifu, inayokusukuma kununua kadi mapema. Angalia herufi ya mwisho: i3-12100F haina grafiki kabisa, na ukiinunua bila kadi utatazama skrini nyeusi. Mazabodi za H610 nazo nyingine ni za DDR4 na nyingine za DDR5, na kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine.

Namba nne: seti za X99 kutoka China

Mazabodi mpya, prosesa ya Xeon E5-2680 v4 ya kori 14 iliyotolewa kwenye seva za watu, RAM, vyote boksi moja kwa bei inayotia mate. Kori 14! Anayefanya kazi za kurenda (kuiacha mashine izalishe video au picha za 3D) siku nzima anaweza kunibishia, na nitamsikiliza. Kwa wengine, prosesa hiyo imewekewa kiwango cha wati 120, haina grafiki, kwenye gemu inaachwa na i3 niliyoitaja, na mazabodi ikifa hakuna wa kukutengenezea. Luku yako itakuuliza.

Pawa saplai: hapa usibane

Nikiwa mgeni wa mambo haya nilinunua kasha lililokuja na pawa saplai "ya bure". Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukasikika mlio mmoja mdogo. Pawa saplai ilikufa na haikufa peke yake: iliondoka na mazabodi na diski yenye picha za harusi ya dada yangu. Hadi leo kwenye vikao vya familia mimi ndiye "fundi".

Kwa njia ya pili na ya tatu, tenga fedha ya pawa saplai kabla hujachagua prosesa. Wati 450 hadi 550 za kweli zinatosha hata ukija kuongeza kadi kama RX 580, inayokula wati 185. Nembo ya 80 Plus inasema ni kiasi gani cha umeme kinachopotea kuwa joto. Haikuhakikishii kinga ya umeme unaoruka, na stika huchapishwa hata vichochoroni. Ishike mkononi. Ya maana ina uzito. Na kama nyuma ina swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha imekaa 230 kabla ya kuchomeka, kwa sababu ikiwa 115 kwenye umeme wetu utasikia mlipuko, na waranti haitasikia lolote.

UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya VA 650 si wati 650. Wati halisi huandikwa pembeni, mara nyingi ni kama 360. Inatosha mashine ya ofisi na skrini. Printa ya leza usiichomeke humo.

Kabla hujahesabu pesa

Nenda na flashi yenye programu za kukagua: CrystalDiskInfo ya diski, CPU-Z ya prosesa na GPU-Z ya kadi. Ya kwanza inaonyesha SSD (diski ya chipu) imewaka kwa jumla ya saa ngapi, na kama "mpya" imeshafanya saa elfu kumi, majadiliano yanaanza upya. GPU-Z ni ya RX 580: halisi ina shader (vitengo vya kuchora) 2304, na ile iliyopunguzwa, inayouzwa kwa jina hilohilo, ina 2048.

Kwa mashine ya ofisi, bonyeza F2 kwa Dell au F10 kwa HP wakati inawaka. Ikidai nywila, ofisi ya kwanza iliifunga BIOS na haikuifungua. Achana nayo, hata muuzaji akikuapia kwamba "inatolewa dakika mbili". Ikikuonyesha tarehe ya miaka ya nyuma na mtandao ukakataa kufungua kurasa, hapo usiogope: ni betri ya CR2032 imeisha, kama ile ya rimoti ya gari. Mwombe akuwekee mpya, halafu aandike namba ya seriali kwenye risiti.