Usiku tisa wa Star Wars katika banda la video la Langoni

Nimemaliza juzi. Usiku tisa mfululizo baada ya Isha nimeketi katika banda la video la huku kwetu Langoni, nikatazama filamu zote tisa za kisa kikuu cha Star Wars, hadithi ya vita vya angani, kwa jinsi zilivyotoka, kuanzia ile ya 1977 hadi ya 2019. Kiingilio shilingi 50. Mimi napiga fidla harusini, kwa hiyo sikufuata panga za mwanga, nilifuata muziki. Na katika mabanda yote niliyoingia, hili ndilo ambalo mwenyewe hazimi majina yanapoanza kupanda. Watu wanakaa hadi ala ya mwisho inyamaze.

Spika zake mbili amezitundika juu ya boriti, sauti haizibwi na vichwa vya walio mbele. Kaa benchi la tatu. Usiku wa kwanza, Luke, kijana shujaa wa kisa, alipotoka nje kutazama majua mawili yakichwa, baragumu lilianza peke yake, taratibu, kisha nyuzi zikaingia chini yake zikalinyanyua. Nahodha mmoja mzee kando yangu akanong'ona, "Siwa hiyo, mwanangu." Nami nikasikia hivyo hivyo, lile baragumu letu la sherehe, mwito wa jambo kubwa. Waliopiga ni London Symphony Orchestra. Mtunzi ni John Williams, na tisa zote muziki ni wake, miaka 42.

Ubishi ulikuwa barazani, kwa kahawa chungu na kashata. Kijana mmoja aliapa kwamba ule muziki wa mwendo wa kijeshi wa Darth Vader, adui mkuu mwenye kofia nyeusi, ulikuwepo tangu filamu ya kwanza. Mwenye banda akaturudisha ndani, akatutilia pale Vader anapoingia mara ya kwanza. Haumo. Ulikuja 1980. Hata habari ya Vader kuwa baba yake Luke, mwaka 1977 haikuwa imepangwa. Wanaosema George Lucas, aliyebuni Star Wars, alikuwa na kisa kizima kichwani tangu mwanzo, naona wanampa sifa ambayo nusu yake ni ya Williams: kisa kilijengwa njiani, muziki ndio uliokuwa ukikumbuka.

Usiku wa nne, filamu ya 1999, stima ilikatika. Jenereta liko kichochoroni, chini ya dirisha, likaimeza kwaya yote ya lile pambano la panga. Nilimlalamikia mwenye banda. Akaniambia, "Njoo kesho baada ya Adhuhuri, fundi." Nikaenda, akanitilia mwisho wote bila kunitoza. Kwenye majina kuna wimbo wa Anakin, yule atakayekuja kuwa Vader, akiwa mtoto, mtamu, wa kubembeleza. Unapokaribia kwisha, mwendo wa Vader umo ndani yake, umepunguzwa sauti, kama mtu anayepita nje ya nyumba usiku. Halafu muziki unakoma, zinabaki pumzi za Vader. Mwili ulinisisimka. Ningekuwa banda jingine, wangekuwa wamezima zamani.

Tatu za mwisho zilituudhi wengi. J.J. Abrams alitengeneza ya 2015 na ya 2019, ile ya kati, ya 2017, ni ya Rian Johnson. Jahazi moja, mafundi wawili, mmoja anang'oa mbao alizopigilia mwenzake. Katika ya 2017 Rey, msichana shujaa wa hizo tatu, anaambiwa wazazi wake si watu wa jina lolote, katika ya 2019 anageuka mjukuu wa Palpatine, mfalme mwovu wa kisa. Lakini wimbo wake, ule unaoanza kwa kengele ndogo na filimbi, ni ule ule katika zote tatu. Ukifumba macho, Rey ni mtu mmoja.

Picha ni hafifu kidogo na mabenchi magumu, chukua mto. Jenereta alihamishe, tafadhali, nyuma ya ukuta upande wa pili kuna nafasi. Ijumaa anaanza tena ile ya 1977, na shilingi 50 yangu nimeshamwachia mwanawe.